Fremu za Elfu Tisa na Kosa la Wiki Moja

Nilistaafu mwezi uliopita. Mkanipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, na kabla sijapata msumari wa kuitundikia mkaanza kunipigia simu. Neno la siri la swichi ya ghorofani ni lipi? Ufunguo wa kabati la seva uko wapi? Na kila anayepiga, akishapata alichotaka, humalizia vilevile: "Eddo Kheri, tuandikie mambo ya kazini. Tuandikie ile ya siku uliyolisikia kosa kwa masikio."

Eddo ni shangazi kwa Kisomali, na mimi ni shangazi wa idara nzima kwa hiari yenu, si kwa hiari yangu. Haya, nimekaa kitako, naandika. Lakini nawaonya mapema kwamba ile habari ya masikio si kweli, na ukweli wenyewe haunipambi.

Vyeo nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunifunza kitu.

Nilizaliwa Kismayo, kwa wazee wenye asili ya kisiwa cha Chovai. Vita vilipotutoa tulifika Mombasa, mimi na mama, na masanduku mawili, na Kiswahili cha Kibajuni kilichowachekesha watu. Nikisema "mchu" badala ya "mtu", muuza mboga alikuwa akiita jirani zake waje wasikie tena. Nikajifunza kusema "mtu" sokoni na "mchu" nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa programu yangu ya kwanza kuandika.

Kazi nilipewa na Fundi Shali, mzee wa Kibajuni aliyekuwa na karakana ya kutengeneza mashine za kupigia chapa mtaa wa Kibokoni, na ambaye kompyuta zilipoingia mjini alizifungua kwa bisibisi ileile bila kuuliza mtu. Aliniajiri kupokea wateja. Siku ya kwanza aliniwekea kompyuta mbele, akaniuliza:

"Waona nini?"

"Kompyuta mbovu," nikasema.

"Mimi naona waya ambao hujaugusa."

Nikaugusa. Ulikuwa umechomoka nyuma. Nikauchomeka, mashine ikawaka, na mteja alipokuja nikamwambia kwa uso mkavu kwamba palikuwa na tatizo zito la mkondo, lakini tumelishinda. Fundi Shali alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakunywa kahawa. Hakunyanyua hata kichwa.

"Plagi ilikuwa nje," akamwambia mteja. "Na huyu binti anaitwa Mwanakheri, mumzoee, anapenda hadithi."

Nilikaa naye miaka mingi. Alinifundisha kubana vichwa vya kebo kwa koleo, nyaya nane kwa mpangilio wake, hata nikiwa nimefumba macho. Koleo lenyewe alinipa alipokuwa mgonjwa. Halina rangi tena kwenye mikono, na nyinyi mnaloliona kabatini ni nakala. La kweli ninalo hapa nyumbani. Msisumbuke kulitafuta.

Nilirudi Kismayo nikiwa na mvi, mji ulipoanza kutulia na hospitali yetu ikatafuta mtu wa kompyuta anayejua Kisomali, Kiswahili na kunyamaza. La tatu nililidanganya kwenye usaili. Siku ya kwanza askari wa getini alikataa kunifungulia. Aliamini nimekuja kumwona mgonjwa, na saa za kuona wagonjwa zilikuwa bado. Nilimwambia ni kweli nimekuja kumwona mgonjwa, anaitwa seva, hali yake mbaya. Akanihurumia, akanipitisha.

Wala sikusema uongo. Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mashuka. Mashuka yalikuwa bado yamo. Seva zilikuwa tatu, mbili zimebanana humo, na ya tatu ilikuwa imehamishiwa chumba kingine mwisho wa korido, pembeni ya jiko la chai, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kiyoyozi kizima. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyahamisha mashuka. Ya pili ilikuwa kuifikishia seva ya tatu mtandao, na hiyo niliimaliza kwa siku moja, nikajisifu, nikachora ramani ya mtandao wote kwenye karatasi kubwa na kuibandika mlangoni. Mistari iliyonyooka, maandishi mazuri. Kumbukeni kwamba ramani ile niliichora mimi.

Miaka mitatu baadaye akaja Injinia Yusuf. Nyinyi mnamjua akiwa mkuu wa idara, mpole, tumbo mbele. Wakati ule alikuwa mwembamba, ametoka masomoni Malaysia, anavaa shati la mikono mirefu kwenye joto la Kismayo na kulifunga vifungo vyote. Alikuwa na adabu isiyovumilika. Nikimtania, anasema, "Ndiyo, Eddo." Nikimtania zaidi, anasema, "Asante, Eddo." Hakuna jambo linalomchosha mchokozi kama hilo.

Wakati huo zile seva tatu zilikuwa zimeshabeba seva pepe karibu ishirini, yaani seva za programu tu zinazoishi ndani ya zile za chuma: ya maabara, ya duka la dawa, ya orodha ya wagonjwa, na iliyo nzito kuliko zote, ile ya picha za eksirei, iliyokaa ndani ya seva ya tatu. Seva zenyewe hazikuwa na diski za maana. Data yote ilikaa kwenye sanduku moja la diski tuliloliita ghala, na kila seva ilikuwa ikichota na kurudisha humo kupitia mtandao. Picha zikaongezeka, mtandao ukachoka. Daktari akibonyeza jina la mgonjwa, alikuwa na muda wa kunywa chai kabla mfupa haujaonekana.

Yusuf akaja na dawa. Data haipiti kwenye waya kama maji, inapita kwa vifurushi, na kifurushi tunakiita fremu. Kwa kawaida fremu moja hubeba baiti elfu moja na mia tano. Yusuf alitaka ibebe elfu tisa. Fremu zinakuwa chache, seva zinapumzika kufunga na kufungua vifurushi, na picha zinakwenda mbio. Sharti lake ni moja: kila kifaa kilichopo njiani, kuanzia kadi ya seva na swichi pepe iliyo ndani yake, kupitia swichi ya chuma inayogawa mtandao kwa nyaya, mpaka ghala lenyewe, lazima kikubali ukubwa huo. Kimoja kikibaki kwenye elfu moja na mia tano, fremu kubwa ikikifikia hicho inatupwa, na hakuna anayepiga kelele. Hilo ndilo baya lake. Inatupwa kimyakimya.

Nilipinga. Niliwaambia watu kwamba nahofia usalama wa data. Sababu ya kweli ni kwamba hakuniuliza kwanza.

"Haitafanya kazi," nikamwambia mbele ya watu wawili watatu, nipate mashahidi.

"Itafanya, Eddo, inshallah."

"Isipofanya?"

Akafikiri. "Sisi hatuwekeani dau, Eddo. Ni haramu."

"Nani kataja dau? Ni ahadi. Isipofanya kazi, utasema Kibajuni wiki nzima. Ikifanya, mimi nitakuita Mheshimiwa Injinia wiki nzima, hata mbele ya wagonjwa."

Yusuf, ambaye Kiswahili chake chenyewe kilikuwa cha kuungaunga, akasema, "Asante, Eddo."

Tulifanya kazi ile siku ya Ijumaa, baada ya swala, wakati kliniki imefungwa. Lazima niseme, aliifanya vizuri. Alianza na swichi, akafuatia ghala, akamalizia na seva moja baada ya nyingine, maana ukianza na seva kabla njia haijapanuliwa unajikata mwenyewe. Kila hatua alikuwa akiitia alama kwenye ramani yangu kwa kalamu nyekundu. Kisha akajaribu. Jaribio lake ni ping, yaani kuita na kungoja jibu, lakini ping ya kawaida ni ndogo mno, inapita popote. Unatakiwa kuita kwa baiti elfu nane mia tisa sabini na mbili, kwa sababu ishirini na nane zilizobaki ni za anwani na mihuri, na unaiamuru isikatwekatwe njiani. Seva ya kwanza ikajibu. Ya pili ikajibu.

Na hapo, alipokuwa anaandika amri ya seva ya tatu, mimi nikasimama mlangoni na vikombe viwili.

"Mheshimiwa mtarajiwa," nikasema, "chai inapoa. Au huko Malaysia mliinywa baridi?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumfanya acheke, na nilifurahi kupita kiasi. Akaipiga ping ndogo kwa haraka, ikajibu, akatia alama nyekundu, akaja kunywa chai. Adhana ya Alasiri ikatukuta tukizungumza. Nikaenda nyumbani nikijizoeza kutamka "Mheshimiwa Injinia" bila kuuma meno.

Jumamosi ndiyo siku yetu ya kuanza wiki. Saa mbili asubuhi kila kitu kilikuwa kizima. Watu waliingia kwenye kompyuta zao, orodha ya wagonjwa ikaonekana, maabara ikachapa majibu. Saa mbili na nusu Daktari Hodan, mpasuaji wetu, alipiga simu.

"Picha hazifunguki."

"Zinachelewa?" nikamuuliza.

"Sikusema zinachelewa. Jina naliona, tarehe naiona. Nikibonyeza, kioo kinabaki cheupe."

Nitakiri hapa: moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona wiki nzima ya Yusuf akisema Kibajuni. Nikapanda ngazi taratibu, nikitafuta maneno matamu ya kumwambia, na nilipofika mlango wa chumba cha upasuaji nikakuta machela.

Juu yake alikuwa amelala bibi mmoja mzee kutoka kisiwa cha Kudhaa, Bi Somoe. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumba yao, akaletwa kwa boti na gari, paja limevimba kama mto wa kulalia. Nyonga ileile alikuwa amefanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia, hapahapa kwetu, ikatiwa vyuma. Sasa mfupa umevunjika tena karibu na vyuma hivyo, na ndani damu inavuja. Alikuwa ameshapigwa eksirei asubuhi ile. Picha mpya zilikuwa mahali fulani kati ya seva na ghala, na za zamani zilikuwa ndani ya ghala, na hakuna hata moja iliyotaka kutoka. Mashine ya eksirei ina kioo chake kidogo, lakini kile kinatosha kumwambia mpiga picha kwamba mgonjwa hakutikisika. Hakitoshi kumwambia mpasuaji akate wapi.

"Nataka kujua zile skrubu zimelala vipi kabla sijashika kisu," Daktari Hodan alisema. Sauti yake haikupanda. "Naweza kumngoja saa moja. Zaidi ya hapo nitakata kwa kukisia."

Bi Somoe akanishika ushungi. "Mwanangu," akasema kwa Kibajuni, "huyo mchu wa kompyuta mwamwita lini?"

Sikumwambia kwamba ndiye mimi.

Nilimkuta Yusuf ndani ya chumba cha seva, shati limelowa, kifungo cha juu kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa amejaribu kuirudisha seva ya tatu kwenye ukubwa wa zamani. Ilikuwa imeshika maandishi ambayo haijayafikisha ghalani, ikaganda, ikabaki kujibu amri ndogondogo tu. Kuizima kwa nguvu ni kuhatarisha picha zote zilizomo, si za Bi Somoe peke yake. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake nusu ya wafanyakazi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo likinijia ninapokula, nasukuma sahani. Nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Nilikwambia. Ulipanua njia bila kuhesabu milango. Huko masomoni hawakukufundisha kuhesabu?"

Yusuf akanitazama. Hakusema "Ndiyo, Eddo." Akamgeukia Mkurugenzi, akasema, "Kosa ni langu."

Ukimpiga mtu asiyejikinga, mkono ndio unaouma. Nikaacha maneno, nikakaa kwenye kiti chake, nikaita ghala kutoka seva ya kwanza kwa ping kubwa. Likajibu. Kutoka ya pili, likajibu. Kutoka ya tatu, kwa ping ndogo, likajibu. Kwa kubwa, kimya. Nikarudia. Kimya.

Basi kosa lilikuwa kati ya seva ya tatu na swichi. Kwenye ramani, kati ya hivyo viwili palikuwa na mstari mmoja ulionyooka. Kebo moja. Na kebo haijui ukubwa wa fremu, kebo ni shaba tu.

"Swichi ya hapa inakubali?" nikauliza.

"Nimeikagua mara tatu," Yusuf akasema.

"Kadi ya seva? Swichi pepe?"

"Zote elfu tisa."

Nikaishika kebo kwa mkono pale inapotoka kwenye swichi, nikaifuata. Watu walinipisha. Ilipanda ukutani, ikapita juu ya dari ya korido, nikawa natembea chini yake nimeinua uso, na mfagiaji mmoja akainua wake naye, akidhani kuna nyoka. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi yenu ya masikio, maana nilisimama, nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Sikuwa nasikiliza kitu. Nilikuwa nimekumbuka.

Kebo ile haikuwa moja. Miaka mitatu nyuma, kebo ndefu tuliyokuwa nayo ilipunguka hatua kama kumi kabla ya kufika kwa seva ya tatu. Nilichukua kiswichi kidogo cha plastiki, cha milango mitano, kile kinachouzwa kwa ajili ya nyumba za watu, nikakiweka katikati kuunganisha vipande viwili. Nilijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka kebo nyingine ifike. Sikukichora kwenye ramani, kwa sababu nani anachora kitu cha wiki moja?

Nikaingia jiko la chai, nikafunga mlango. Bi Halima, mpishi wetu wa chai, rika langu na Mbajuni mwenzangu, alikuwa anatwanga iliki.

"Wataka chai saa hizi, na watu wanalia huko?"

"Halima, kile kisanduku..."

"Chako? Si kile pale nyuma ya makopo ya sukari. Kila Jumatatu nakipangusa. Kina taa nzuri." Akanitazama usoni, akaweka mchi chini. "Lo! Mwanakheri. Usiniambie."

"Nyamaza."

"Ndicho hicho?"

"Halima, nyamaza kwa Mola wako, nipe kigoda."

Nikapanda. Kilikuwa palepale, kina joto kama yai lililotoka kutagwa, taa zake za kijani zinakonyeza kwa uchangamfu. Fremu ndogo zote alizipitisha huyu. Kubwa zote alizitupa nyuma ya sukari. Nikachukua kipimo cha kebo kwa mikono, nikamtuma Halima aniletee boksi la kebo kutoka chumbani kwangu na asiseme na mtu, nikavuta kebo mpya nzima kutoka seva ya tatu mpaka kwenye swichi, nikaibana vichwa kwa koleo la Fundi Shali. Kichwa cha kwanza nilikikosea. Nikakikata. Cha pili kikakaa.

Kile kisanduku nikakitia mkobani mwangu.

Nilipopiga ping ya elfu nane mia tisa sabini na mbili kutoka seva ya tatu, majibu yalikuja moja, mbili, tatu, kumi. Seva ikazinduka, ikatema maandishi yote iliyokuwa imeshikilia. Ghorofani picha zikafunguka, na Daktari Hodan alipiga ukelele mmoja tu, "Haye!", yaani haya kwa Kisomali, na mlango wa upasuaji ukafungwa. Zilikuwa zimebaki dakika tisa za saa yake.

"Ilikuwa nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Kebo," nikasema. Na kwa kiasi fulani ilikuwa kebo.

Watu wakanipigia makofi. Mfagiaji akasimulia jinsi nilivyolisikia kosa ndani ya dari. Mkurugenzi akanipa mkono, akamwambia Yusuf waonane kesho yake saa nne, na aje na barua ya maelezo. Nikaenda nyumbani na mkobani nina kitu chenye uzito wa nusu kilo, na nilikibeba kama jiwe la kusagia.

Jumapili asubuhi nilifika mapema. Yusuf alikuwa ameshafika. Barua ilikuwa mezani, ukurasa mzima, imeandikwa kwa mkono. Akasimama aliponiona, akajikohoza.

"Eddo," akasema pole pole, kama mtu anayesoma kibao cha dawa, "mimi ni mchu... mchu mjinga. Nisamehe."

Alikuwa ametafuta mtu usiku wa kuamkia siku ile amfundishe. Alikuwa anatimiza ahadi. Nilikuwa nimejiandaa kucheka wiki nzima, na sikuweza kucheka hata mara moja. Nilitoka nikaenda msalani nikakaa humo mpaka saa nne.

Kwenye kikao tulikuwa wanne: Mkurugenzi, Daktari Hodan, Yusuf na mimi, na Bi Halima akipita na sinia ya chai. Daktari alisema mgonjwa amelala vizuri. Mkurugenzi akainua barua ya Yusuf, akaanza kuisoma kwa sauti: "Mimi peke yangu nimehusika na..."

Nikafungua mkoba. Nikakitoa kile kisanduku, nikakiweka juu ya barua, katikati.

"Hiki ndicho kilichohusika," nikasema.

Mkurugenzi akakitazama, akakigeuza. Nyuma yake palikuwa na doa la sukari. "Kilikuwa wapi?"

"Jiko la chai."

"Nani alikiweka?"

Nikafungua mdomo, na sinia ikagonga meza.

"Mimi," akasema Bi Halima.

Wote tukamgeukia. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, kama mtu anayekula kiapo.

"Wewe, Halima?" Mkurugenzi akauliza.

"Mimi. Nilikiona kizuri, nikakiweka. Kina taa."

"Ukaziunganisha nyaya na seva?"

"Kidogo kidogo."

Daktari Hodan alikuwa anaangalia dirishani na mabega yanamtikisika. Mimi nilimpenda Halima siku ile kuliko ndugu wa tumbo moja, na nikaona kwamba nikinyamaza nukta moja tu zaidi, uongo ule utasimama.

"Mkurugenzi," nikasema, "Bi Halima huyu redio yake huniita mimi nimwashie. Kisanduku ni changu. Nilikiweka kwa wiki moja, miaka mitatu iliyopita, sikukichora kwenye ramani, na Injinia Yusuf alifuata ramani yangu. Ijumaa alipotaka kujaribu seva ya tatu sawasawa nilimwita chai. Jana nilimtukana mbele ya watu kwa kosa langu. Na kisha nikapigiwa makofi."

Halima akanisogezea kikombe, akanong'ona kwa Kibajuni maneno ambayo sitayaandika.

Yusuf alikivuta kile kisanduku, akakisoma chini, akasema kwa utulivu wake uleule wa kuudhi: "Eddo. Kuna vingine?"

Nikanywa chai. Mkurugenzi akasogea mbele. "Mwanakheri, unaulizwa. Kuna vingine?"

"Inategemea," nikasema, "kama mnahesabu na cha duka la dawa."

Daktari Hodan alitoka nje kwa kicheko. Barua ya Yusuf ikachanwa palepale, na badala yake nikaandikishwa adhabu: nizunguke hospitali nzima, chumba kwa chumba, dari kwa dari, nikiandika kila kifaa kwenye daftari, na Yusuf awe nyuma yangu kuhakikisha siruki kitu. Tulikuta saba. Vinne vilikuwa vyangu. Lile daftari refu mnalolilaani kila mwezi, mkidhani lilibuniwa na mwanamke mwenye nidhamu ya hali ya juu, ndilo hilo. Ni hukumu yangu. Nimewarithisha.

Katika mzunguko ule, chumba cha mwisho kilikuwa wodi ya wanawake. Bi Somoe alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mito, anakula mkate wa anjera kwa mchuzi wa papa. Habari zote alikuwa nazo. Wodini hakuna siri.

"Kumbe mchu wa kompyuta ni wewe," akaniambia.

"Ni mimi. Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Nyonga imerudi." Akatafuna, akamwangalia Yusuf aliyekuwa amesimama nyuma yangu na daftari. "Na huyu ndiye Yusuf?"

"Ndiye."

"Subhanallah." Akaweka tonge chini, sura imemshuka. "Siku ile pale kwenye machela walisema kosa ni la Yusuf. Nami nilikuwa na maumivu. Nikamwombea dua, mwanangu, dua mbaya. Nilianza na meno."

Yusuf akapeleka ulimi kwenye meno yake.

"Dua haivutwi ikarudi," Bi Somoe akasema kwa huzuni. Halafu akanitazama mimi, akafikiri sana, uso ukamchangamka. "Lakini yaweza kuelekezwa. Jina lako kamili ni nani?"

Nikageuka nimwombe Yusuf anitetee. Alikuwa ameshafungua daftari, ameshika kalamu, na anamtajia jina langu herufi kwa herufi.